Madirisha Chini ya Kitufe Kimoja

"Yaungane, au kila moja likae peke yake na jina lake?" Eustace aliuliza.

Fundi huyo alikuwa ametoka Kahama asubuhi na kompyuta mpya mgongoni. Ile ya zamani ilikufa kwa vumbi, hilo vumbi la Kakola ambalo magari ya mgodini hulitimua mchana kutwa likaingia mpaka kwenye uji. Sasa alikuwa ameinama mbele ya kioo, akiwauliza wenye duka maswali haya na yale kabla hajawakabidhi mashine yao.

"Kila moja peke yake," Anisia alijibu bila kufikiri. "Kama ilivyokuwa kwenye ile nyingine."

Walikuwa wakizungumzia madirisha ya kazi kwenye kioo. Katika duka lao la steshenari Anisia hufungua kazi nyingi kwa mpigo: barua ya huyu, fomu ya yule, wasifu wa kijana anayetafuta kibarua mgodini. Kila kazi hujipanga kwenye ukanda wa chini wa kioo, na jina la mteja limeandikwa juu yake. Mteja akitoka kwenda kunywa chai, jina lake hubaki pale chini likimngoja. Miaka yote alifanya kazi hivyo, jicho moja kwenye karatasi na jingine kwenye majina.

"Yaungane," alisema mumewe.

Bujiku alikuwa amesimama mlangoni, mkono wa kulia umefichwa mfukoni kama kawaida yake. Aliutoa. Jiwe la duarani, kule kwenye shimo la wachimbaji wadogo, lilikuwa limekula vidole viwili vya mwisho na kukiacha cha katikati kigumu kama mti. "Yakijaa yanakuwa membamba. Nalenga la huyu, napiga la yule. Yakikaa fungu moja chini ya kitufe kimoja, nafungua fungu, nachagua. Basi."

Eustace hata hakumtazama. Alimgeukia Anisia. "Shemeji, wewe ndiye unayekaa hapa kutwa. Niweke la nani?"

Wateja wawili waliokaa kwenye benchi walicheka kidogo, kicheko cha watu wanaojua hawajakatazwa. Bujiku akatazama sakafu. Huyu ndiye mtu ambaye zamani akiita mdomoni mwa duara, wanaume kumi walipanda juu bila kuuliza sababu. Anisia aliiona shingo ya mumewe ikiinama, na ikamuuma.

"Weka anavyotaka baba Lusia," alisema.

"Mashine yenyewe inakuja hivyohivyo kutoka kiwandani," Eustace akajibu huku akikusanya nyaya zake. "Hata sina haja ya kugusa kitu."

Ikawa hivyo. Majina yakatoweka chini ya kioo, na mahali pake kikabaki kitufe kimoja cha bluu kisicho na jina la mtu yeyote.

*

Wiki ile ile Bujiku akapata wazo. Duka la ng'ambo ya barabara lilikuwa limebandika ukutani mifano ya kadi za harusi, na wateja walikuwa wakiingia kule kwa wingi. Yeye alitaka mifano ya kila kitu, pamoja na matangazo ya misiba, kwa sababu misiba haikosekani.

"Sasa kwenye mfano wa msiba unamweka nani?" Anisia alimuuliza.

"Najiweka mwenyewe. Nikimweka mtu wa watu si nitapigwa?"

Na kweli alijiweka. Picha yake ya shati jeupe, akitabasamu; ukingo wa zambarau; msalaba juu kulia. Familia ya Mama Salome wa Mhunze, Kishapu, inasikitika kutangaza kifo cha mwana wao mpendwa, Bujiku. Chini kabisa akaandika ratiba: mwili kuwasili, ibada, mazishi.

"Futa," Anisia alisema. "Futa hicho kitu."

"Duara lilinimeza likanitapika, mama Lusia. Kikaratasi ndicho kitaniweza?"

Anisia alikataa kuubandika ukutani, lakini mfano ulibaki ndani ya kompyuta. Bujiku aliupenda. Kila ukija msiba aliufungua, akanakili ratiba yake, akabadilisha saa.

Jambo moja halikuwa la mzaha kati yao, nalo ni Mama Salome mwenyewe, mama yake Bujiku. Kikongwe yule hakuwa ameambiwa habari za mkono. Ana presha, Bujiku alisema, atakufa akisikia. Kwa hiyo tangu jiwe limpate hakuwa amekanyaga Mhunze. Sikukuu zilipita, ng'ombe wa mahari ya binamu wakatolewa, yeye hayupo. Mama akipiga simu, ni Anisia aliyejibu kwamba mumewe yuko chini ya duara, mtandao haufiki. Aliusema uongo ule kwa sauti tamu, mpaka siku nyingine alikaribia kuuamini.

*

Alhamisi ile Bujiku alikwenda Kahama kununua wino. Kabla hajaondoka alimtengenezea mtu ratiba ya msiba wa Bugarama, akachapa, akapokea hela yake, akalikimbilia gari. Mfano wake aliuacha wazi. Zamani jina lake lingeonekana pale chini ya kioo na Anisia angeufunga. Sasa ulikuwa umelala chini ya kitufe, kimya.

Saa nne akaingia Hosiana, binti wa Mzee Marcelino, amejifunga kanga kiunoni na macho yamevimba. Baba yake alikuwa amefariki hospitalini alfajiri. Atazikwa kesho mchana, hapahapa Kakola.

"Mama Lusia, wewe ni katibu wa jumuiya. Nitengenezee tangazo, ulirushe kwenye kundi letu la simu. Mimi hata kuandika siwezi, mikono inatetemeka."

Anisia alimkalisha, akamtengenezea kwa upendo. Mzee Marcelino alikuwa ameimba besi kanisani hadi meno yakaisha. Alipomaliza, Hosiana akalitazama, akafuta machozi, akasema ni zuri, akaenda kuandaa nyumba kwa ajili ya wageni.

Mteja mwingine alitaka nakala ya kitambulisho haraka. Anisia akalihifadhi tangazo, akalishusha chini ya kitufe, akafanya nakala. Ndipo umeme ukakatika. Betri ya akiba ikaanza kulia chini ya meza, mlio wake ule wa kukimbiza watu, na kila aliyewahi kuusikia anajua hauna dakika nyingi. Akagusa kitufe cha bluu. Vikajitokeza vipicha viwili vidogo, vyote vya zambarau, vyote na msalaba juu kulia, pacha watupu. Akabonyeza cha kwanza.

Dirisha lilifunguka likionyesha sehemu ya chini ya ukurasa, pale Bujiku alipokuwa akinakili. Mwili kuwasili, ibada, mazishi. Anisia aliona alichotarajia kuona. Akaligeuza tangazo kuwa picha, akalirusha kundini kutoka humohumo kwenye kompyuta bila kulitazama tena, akaandika chini yake: Tumsifu Yesu Kristo. Poleni wanajumuiya, tujitokeze kwa wingi. Kioo kikazimika.

Simu yake aliitia ndani ya droo ikiwa imezimwa sauti, kwa kuwa kundi lile likianza kuomboleza halinyamazi, na wateja walishalalamika. Akatoka nje, akakaa kivulini akichambua maharage.

*

Wa kwanza kufika alikuwa Scolastika, mwenyekiti wa jumuiya, na nyuma yake wanawake wengi na kanga zao viunoni. Walikuwa wakilia tangu kona ya mashine ya kusaga. Anisia alisimama na ungo mkononi. Alidhani wanapita kwenda kwa Hosiana na wamemfuata waende pamoja.

Scolastika alimkumbatia, maharage yakamwagika.

"Bujiku wetu," alisema. "Bujiku wetu jamani, kijana mzuri vile."

Anisia aliganda. Hakulia. Akilini aliuona mara moja ule mteremko wa kabla ya Kahama, na yale malori. Akakaa chini juu ya maharage yake.

"Wapi?" aliuliza. "Ni gari? Yuko wapi sasa hivi?"

Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyejua kifo kimetokea wapi, na walishangaa kuulizwa na mfiwa.

"Niambieni. Nani amemwona?"

"Mnyweshe maji," mmoja akanong'ona. "Akili imeruka."

Anisia alianza kuita jina la mumewe, kwanza taratibu, kisha kwa sauti iliyowatoa watu madukani. Alilia kilio chote cha mjane. Alijigaragaza vumbini na kitambaa kikamtoka kichwani, na hakuna hata mmoja katika mtaa ule aliyebaki na macho makavu. Alikumbuka kwamba asubuhi hakumuaga. Alikuwa anahesabu karatasi, akamjibu kwa mgongo.

Marwa, muuza vipuri wa mlango wa pili, ndiye aliyeinama karibu yake. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Mama Lusia, mbona unauliza kana kwamba huna habari? Si wewe uliyetutangazia?"

"Mimi nimetangaza nini?"

Akamwonyesha simu yake. Palikuwa na shati jeupe, tabasamu, ukingo wa zambarau na msalaba juu kulia. Juu yake, jina la aliyetuma: Katibu Anisia.

Alikitazama kile kioo mpaka kikazima chenyewe. Kwanza ilimjia furaha, furaha ya aibu iliyompanda mpaka kooni: hajafa, mume wangu hajafa. Halafu akakumbuka kwamba tangazo lile lilikuwa na jina la mtu mwingine ndani yake, jina la mama aliyemzaa huyu marehemu asiyekufa.

"Nani amelituma mbele?" aliuliza. "Dada Scola, nani amelituma?"

Scolastika akajipangusa pua. "Mimi nilimtumia Magesa, mdogo wake marehemu. Nilijua wewe huna nguvu za kuanza kupigia watu."

*

Ndani ya droo simu ilikuwa imejaa namba za Mhunze. Magesa alipokea, na nyuma yake Anisia alisikia vilio vya wanawake, vilio vya nyumbani kabisa, kwa Kisukuma.

"Shemeji, tumeshapata taarifa," Magesa alisema. "Tumeagiza turubai. Mama amenyoa nywele."

"Magesa, nisikilize. Kaka yako hajafa. Nimekosea tangazo. Yuko Kahama, ameenda kununua wino."

"Nipe niongee naye."

"Nimekuambia yuko Kahama. Simu yake imezima, si unaijua ile simu yake."

"Shemeji." Sauti ilikuwa ya upole, nao upole ule ulimtisha kuliko matusi. "Mwaka wa pili huu kaka haji. Tukipiga, yuko chini ya duara. Tukipiga tena, hakuna mtandao. Mama alisema zamani kwamba kuna kitu mnatuficha. Leo mmetangaza, na leo hiihii unasema hakuna msiba. Mtu akifiwa huongea hivyo. Pumzika. Tunakuja kuchukua mwili."

Akakata. Anisia alibaki na simu sikioni. Uongo wake wote mtamu ulikuwa umerudi kwake kwa siku moja, na hakuwa na neno hata moja lililobaki ambalo watu wale wangelisadiki.

*

Bujiku alishuka na boksi la wino begani jua likiwa limeanza kupoa. Watu waliojaa mbele ya duka wakamwona. Mwanamke mmoja aliangusha sufuria. Mama mzee mmoja akafanya ishara ya msalaba na kurudi kinyumenyume mpaka akagonga ukuta. Wengine walikuwa wameshaelezwa, lakini kuelezwa ni kitu kimoja na kumwona mtu anakuja akipiga mluzi ni kitu kingine.

"Kuna nini hapa?" aliuliza. "Nani amekufa?"

"Wewe," Marwa alimjibu.

Alicheka. Kisha akamwona mkewe, kitambaa hana, vumbi mpaka kwenye kope, na kicheko kikamfia mdomoni.

Hakugomba. Alipiga simu ya picha kwa simu ya mkewe, Magesa akaiona sura yake, akapiga kelele, akaangua kilio upya. Alipopata sauti alisema atampelekea mama simu amwone. Wakamsubiri. Waliona dari ya bati, miguu ya watu, ukingo wa mkeka, na walisikia sauti ya kikongwe, kavu, isiyopanda wala kushuka.

"Iondoe. Simu hiyo ndiyo iliyoniletea maiti yake. Siitaki iniletee na uhai wake. Kama yupo, aje."

Magesa akarudi kwenye kioo. "Kaka, hajagusa maji tangu mchana. Dawa zake amezikataa. Amelala chini anatazama ukuta. Njoo na miguu yako."

Simu ilipokatwa Bujiku aliutazama mkono wake wa kulia.

"Atauona," alisema.

"Auone," Anisia alijibu. "Tumeshamwonyesha maiti, baba Lusia. Tunaogopa vidole?"

*

Asubuhi walipofunga mlango wa nyumba wapite dukani kuchukua mfuko, walimkuta Hosiana amekaa kizingitini mwa duka. Mwili wa baba yake ulikuwa umefika. Waliokuja kuchimba kaburi walihesabika.

"Jana nilisubiri tangazo," alisema bila kuinua macho. "Nikaona la kwenu. Nikasema na wewe umefiwa, nitakujaje kukudai? Watu wote wakaja kwako. Kwangu wakaja wanangu tu. Usiku ndipo nikasikia mumeo yuko hai."

Kwa msukosuko wa jana Anisia alikuwa amemsahau kabisa; alitafuta pa kuiweka sura yake akapakosa. Mtu ambaye kweli alikufa alikuwa amelala siku nzima bila kuliliwa, na machozi yake wamemwagiwa watu wasiohusika.

Bujiku alifungua duka. Umeme ulikuwa umerudi. Aliketi yeye mwenyewe, akatafuta mahali pa mpangilio wa ule ukanda wa chini, kile kidole kigumu kikiteleza, akirudia, akikosa, akirudia tena. Anisia hakumsaidia, alijua asimsaidie. Mwishowe Bujiku akachagua madirisha yasiungane kamwe. Aliufungua mfano wake, akaufuta, kisha akaufuta na kule vinakotupwa vilivyofutwa. Akalifungua tangazo la Hosiana. Chini ya kioo kukatokea jina moja, herufi zote: Marcelino.

"Soma," alimwambia mkewe. "Soma kwa sauti kabla hujatuma."

Anisia akasoma jina, akasoma mstari kwa mstari mpaka ratiba, Hosiana akitingisha kichwa kila alipomtaja baba yake. Akalituma. Akaandika chini yake kwamba kosa la jana ni la katibu mwenyewe, wamsamehe, na waende kwa Mzee Marcelino, wamwimbie besi.

*

Walifika Mhunze jua likiwa kali. Turubai lilikuwa limefungwa, vyungu viko motoni. Wanawake waliokaa chini walimwona Bujiku, wakasogea kumpisha bila neno. Mmoja alinyoosha kidole akamgusa mguu, akakirudisha haraka. Magesa alimshika kaka yake begani, akamwachia, akamshika tena.

Mama Salome alikuwa amelala kwenye mkeka, uso ukutani. Kichwa chake kilichonyolewa kilionekana kidogo mno, cha mtoto. Anisia alipokiona alitamani ardhi ifunguke.

"Mayu," Bujiku alimwita mama kwa Kisukuma, akapiga magoti. "Shikamoo mayu."

Mama alijigeuza polepole, akamtazama muda mrefu, na macho yake hayakuonyesha kusadiki wala kukataa.

"Lete mkono."

Bujiku akampa wa kushoto.

"Siyo huo. Tangu lini mtoto wangu ananisalimia kwa kushoto?"

Akautoa mfukoni. Mama akaupokea kwa mikono yake yote miwili, akaanza kuupapasa kama mtu anayechagua mbegu, kidole gumba, cha shahada, kile kigumu. Baada ya hapo mikono yake ikakosa pa kushika. Ikasimama.

"Vilikwenda lini?"

"Mwaka juzi, mayu. Duarani."

"Nani alikuuguza?"

"Mke wangu."

Kikongwe akamtafuta Anisia kwa macho mpaka akamwona amesimama mlangoni. Anisia alijiandaa kutukanwa. Alistahili kutukanwa.

"Kisichokuwepo mlinitangazia," Mama Salome alisema. "Kilichokuwepo mkanificha."

Nje mtu aliuliza kwa sauti ya chini kama wazime moto au waendelee kupika.

"Basi sikulia bure," kikongwe alisema. Akauweka ule mkono mapajani mwake, akauinamia, akaanza kulia upya, kilio kidogo kisicho na sauti, cha vidole viwili. Magesa alitaka kumnyamazisha, Bujiku akamkataza.

Anisia akateka maji kwenye kikombe, akapiga magoti, akampa. Mama Salome akayanywa yote. Aliyanywa kwa mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine haukuwa tayari kumwachia mwanawe.